Mzazi: Unakimbia na mwanao au unamkimbia?

Shule anayosoma mwanangu mkubwa hapa Morogoro ina utaratibu wa kuandaa mbio za nyika kila mwezi wa Agosti na kualika shule nyingine za sekondari za jirani. Mwaka huu barua iliyoletwa kwa wazazi ilikuwa na nyongeza. Baada ya mbio za wavulana za kilomita 6 kutakuwa na mbio za akina baba za kilomita 3, katika njia ileile wanayopita watoto. Barua hiyo ilizua mjadala kuliko hata ile ya kupanda kwa ada. Kwenye kikao wapo waliocheka, na wapo waliokunja uso na kuuliza: mtu mzima mwenye ndevu na watoto wanne akakimbie vichakani mbele ya wanafunzi, ili iweje? Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule nyingine, macho yakanigeukia nitoe hukumu.

Sikutoa hukumu. Nilijiandikisha.

Napenda leo, ndugu msomaji, tulitazame swali hili kwa utulivu. Nilipojiandikisha nilidhani nalijua jibu lake, lakini siku ya mbio ilipofika nikatambua kuwa hata swali lenyewe nilikuwa sijalielewa.

Nianze na kosa la mwaka jana, maana bila hilo ya mwaka huu hayaeleweki. Mbio za nyika si kama mbio za uwanjani. Hakuna mistari myeupe wala ardhi iliyosawazishwa. Kuna nyasi, vumbi, mashimo, mtaro wa kuruka na kilima cha kupanda. Hata hesabu yake ni tofauti, kwani nafasi walizoshika wakimbiaji wa timu hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa maana hiyo anayemaliza wa 30 au wa 40 naye amebeba kitu cha wenzake. Katika mashindano yale kila shule ilihesabiwa wakimbiaji wake wanne wa mwanzo, na mwanangu, akiwa na miaka 14, ndiye aliyekuwa wa nne katika timu yao.

Alikwenda vizuri mpaka kwenye kilima kinachopanda pembeni ya shamba la mkonge. Hapo akaanza kupunguza kasi. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya mwembe, kivulini, soda mkononi. Nikapaza sauti wazazi wote wakasikia: "Kaza mguu! Unaniaibisha!"

Tafadhali zingatia neno hilo. Sikumwambia kuwa anajiaibisha. Nilimwambia kuwa ananiaibisha mimi. Akanitazama, akaacha kukimbia, akapanda kilima chote akitembea. Walimpita watoto zaidi ya 20, na timu yao ikapoteza nafasi ya tatu. Tulirudi nyumbani kwa bajaji, yeye akitazama kushoto na mimi kulia. Siku tatu alikuwa akinijibu "ndiyo baba" na "hapana baba", kwa adabu ambayo ilinichoma kuliko jeuri.

Hebu tujiulize, aibu yangu ilikuwa inafanya nini miguuni mwa mtoto yule? Mimi mwenyewe sikuwa nimekimbia tangu nilipomaliza chuo kikuu, ukiacha kuwahi daladala. Nilikuwa nadai kutoka kwenye mwili wa mwanangu kitu ambacho wangu haukuwa nacho, tena nikidai kutoka kivulini. Nchi hii mpaka leo inamheshimu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, wakati wenzake walishamaliza zamani. Taifa zima limeona fahari kwa mtu wa mwisho, na mimi nikaona aibu kwa mtoto aliyepungua mwendo kilimani! Darasani nafundisha subira kwa chaki na ubao, na wanafunzi wanapata alama nzuri. Hakuna aliyewahi kunitahini mimi.

Ndiyo maana barua ya mwaka huu ilipokuja sikutaka kusikia habari za heshima ya mtu mzima. Na kwa wale wanaoona kuwa kukimbia kunamvunjia Muislamu haiba yake, nawakumbusha yale wanayoyajua. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na imo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, wakashindana tena na Mtume akashinda, akamwambia kuwa ushindi huo unalipa ule wa kwanza. Huyo ni Mtume wa Allah, kiongozi wa umma, na haiba yake haikupungua.

Mke wangu aliposikia hoja hiyo akauliza: na akina mama je? Nikamjibu kuwa katika baadhi ya mapokezi ya hadithi hiyohiyo Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu watangulie kwanza, hivyo jambo lilifanyika mbali na macho ya watu. Wakipatikana wa kuwaandalia akina mama uwanja wenye sitara, sioni wa kuwazuia. Ameshaniarifu kuwa uwanja huo ukipatikana mimi nitabaki nyumbani na mtoto mdogo.

Lipo jingine lililozuka ambalo nalitaja kwa haraka. Mzazi mmoja alipendekeza kila baba atoe shilingi elfu kumi na mshindi azizoe zote. Hilo tulilikataa, maana hiyo ni kamari hata kama imevaa raba.

Sasa kuhusu mazoezi. Nilimwomba mwanangu anifundishe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Kuanzia mwezi wa Mei, baada ya swala ya Alfajiri, tulikuwa tukitoka wawili kuelekea njia ya mashambani, milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika mawingu. Siku ya kwanza nilikata pumzi kabla ya kufika kwenye karavati, ambalo ni kama mita 400 kutoka nyumbani. Kichomi kilinibana nikainama, huku mtoto akinishika bega na kuniambia nipumue polepole. Alinifundisha kwamba kwenye kilima mtu anafupisha hatua, anashusha mabega, hatazami juu, na muhimu kuliko yote, haingii kilimani na pumzi aliyoimaliza kwenye tambarare.

Nilipofika nyumbani nikaifungua Sahih Muslim nikamsomea kisa cha Salama bin Al-Akwa' (r.a.). Jeshi lilikuwa linarudi Madina kutoka Dhu Qarad, na alikuwepo Ansari mmoja ambaye hakuwahi kushindwa mbio, akawa anatangaza: nani atashindana nami mpaka Madina? Salama akaomba ruhusa kwa Mtume (s.a.w.), akaruka chini kutoka kwenye mnyama waliokuwa wamempanda pamoja. Anasimulia mwenyewe kuwa alijizuia kwa kilima kimoja au viwili ili aitunze pumzi yake, kisha ndipo akafungua mwendo, akamfikia yule Ansari, akampiga kati ya mabega na kumwambia kuwa ameshapitwa. Mwanangu alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona kwa mwaka mzima. "Kumbe yumo kwenye hadithi!" Nikamwambia ndiyo, yumo, na alikuwa na mwalimu mzuri kama wewe. (Na hapa nidokeze, kwa kuwa wengi hulitaja kwenye mikutano ya wazazi: yale maneno maarufu ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi hunasibishwa kwa Sayyidna Umar (r.a.), na mbio za miguu hazimo. Tusimbebeshe Mtume kila neno linalotupendeza.)

Katika siku hizo nilikuwa nikiifikiria sana aya ya Surat As-Saffat (37:102), inayosimulia habari ya Nabii Ibrahim (a.s.) na mwanawe. Kabla ya kutajwa ndoto na kuchinja, Qur'an inataja kwanza umri wa mtoto: alikuwa amefikia kiasi cha kufanya sa'yi pamoja na baba yake. Neno sa'yi tunalifahamu sote. Ndilo lile la Safa na Marwa, ambako Bibi Hajar alihangaika huku na huku kwa ajili ya mtoto mchanga mwenye kiu. Lina maana ya kwenda, kuhangaika, kwenda mbio. Baadhi ya wafasiri wamekadiria kuwa kijana huyo alikuwa na miaka 13. Yaani mtihani ule mkubwa haukuja mtoto akiwa wa kubebwa, wala akiwa mtu mzima aliyeondoka. Ulikuja katika umri ule mfupi ambao baba na mwana wanaweza kwenda pamoja. Nilijiona kuwa nimeshaifahamu aya. Nina mtoto wa miaka 15, nakimbia pamoja naye kila asubuhi, nini kingine?

Mwalimu wa michezo wa shule yao ndiye aliyenitia mchanga wa kwanza kwenye kitumbua. Tulikutana msikitini mwezi wa Julai, akaniuliza kwa heshima: "Ustadhi, hivi kijana anafanya mazoezi saa ngapi?" Nikamjibu kwa fahari kuwa tunatoka pamoja kila Alfajiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hayo ni mazoezi yako. Nauliza yake."

Miezi miwili mtoto alikuwa akikimbia kwa mwendo wangu. Kwa mwili wake huo haukuwa mwendo, ulikuwa matembezi. Hakunung'unika, hakunitangulia hata hatua tatu, kwa kuwa amefunzwa kutomtangulia baba yake. Sisi walimu wa dini huwafundisha watoto wema kwa wazazi, na tunafanya vyema, lakini ni mara ngapi tumewafundisha wazazi kuutambua wema huo pale unapomgharimu mtoto? Mtoto mtiifu hakwambii kuwa unamchelewesha. Ni juu yako kugeuka na kumtazama.

Tukarekebisha. Wiki tano zilizobaki akawa anatoka na wenzake, na mimi peke yangu. Akaniomba jambo moja tu. Siku ya mbio nisimame pale kwenye kilima cha mkonge, mahali palepale pa mwaka jana. "Usiseme kitu baba. Simama tu." Nikamwahidi.

Siku ikafika, Jumamosi yenye jua kali. Mbio za wavulana zilipangwa saa tatu asubuhi na zetu saa nne, lakini mambo yakachelewa kama kawaida yetu, na ikatangazwa kuwa akina baba wakachukue namba zao mapema ili muda usipotee. Nikaenda kuchukua namba. Pale mezani nikakutana na baba mmoja mfanyabiashara wa nafaka, mwenye kitambi kuliko changu, ambaye tangu kile kikao alikuwa akinitania kuwa atamwacha ustadhi kwa kilomita nzima. Tukaanza kutambiana. Nikabandika namba kifuani, nikafunga upya kamba za raba, tukaenda nyuma ya madarasa kupasha misuli moto. Nilikuwa nimevaa saa ya kuazima, nikawa nahangaika namna ya kuianzisha. Kwa hakika nilikuwa na furaha ya kitoto. Mara nikasikia makelele upande wa uwanjani, nikafikiri wavulana ndio wanaanza.

Walikuwa wanamaliza.

Mwanangu alishika nafasi ya tisa kati ya watoto zaidi ya 80. Hajawahi kuwa wa tisa katika jambo lolote la kukimbia maishani mwake. Pale kilimani, wenzake waliniambia baadaye, aligeuza kichwa mara mbili kuelekea kwenye mwembe.

Sikupata hata nafasi ya kumtafuta, tukaitwa kwenye mstari. Nilikimbia. Kilomita ya kwanza nilikwenda kwa hasira ya kujichukia, na mwenye hasira haitunzi pumzi. Nilipoanza kilima kichomi kilikuwa kimeshanishika, miguu mizito kama inavuta magunia, na mfanyabiashara wa nafaka akanipita akiwa anahema kama treni ya mizigo, kitambi na vyote. Baadaye nilipopoa nilikikumbuka kisa kilichopokewa na Bukhari, cha ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye Al-Adbaa, ambaye hakuwa akishindwa, mpaka bedui mmoja akaja na ngamia wake kijana akampita. Masahaba wakaona uzito, na Mtume akawaeleza kuwa ni haki kwa Allah kutokiinua kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Hata wakubwa wa mchezo huu wamelionja hilo. Mwaka 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mitano mfululizo, alielemewa na joto la pwani akatoka njiani katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Ikiwa Bekele alishushwa, mwalimu wa EDK ni nani?

Lakini pale kilimani sikuwa nikifikiria ngamia. Nilipoinua uso, jambo ambalo nilikatazwa, nilimwona mwanangu amesimama chini ya mwembe, jasho halijamkauka, chupa ya maji mkononi. Hakusema kitu. Alisimama tu.

Nilimaliza wa 14 kati ya akina baba 31, na nikiulizwa hali yangu nasema ni misuli.

Usiku wa siku hiyo nilikuwa natayarisha somo la Jumatatu. Darasani tulikuwa tumefika Surat Yusuf, pale ndugu zake wanaporudi usiku kwa baba yao wakilia. Nimeisoma aya ya 17 mara nyingi mno, nimeitungia maswali ya mtihani, lakini usiku ule niliiweka kalamu chini. Wanamwambia baba yao kwamba walikwenda kushindana, wakamwacha Yusuf kwenye vyombo vyao, mbwa mwitu akamla. Wafasiri wengine wamesema mashindano hayo yalikuwa ya mbio, wengine wamesema ni ya kurusha mishale. Sisi siku zote tunaukazia macho uongo wa mbwa mwitu na damu kwenye kanzu. Ni mara chache tunasimama kwenye udhuru wenyewe. Kwa nini walichagua kusema kuwa walikuwa mashindanoni? Kwa sababu ni udhuru mzuri. Kushindana mbio ni jambo la halali, la kawaida kwa vijana wenye afya, na baba hakushangazwa nalo. Uongo wao waliuegemeza kwenye halali.

Na mimi sikumwacha mwanangu kwa ajili ya baa, wala kwa mpira wa kwenye runinga, wala kwa jambo lolote ambalo ningeona haya kulitaja mbele ya sheikh. Nilimwacha kwa ajili ya mbio ambazo nilijiandikisha kwa sababu yake! Tazama ndugu msomaji jinsi jambo hili lilivyo la hatari. Baba anayemtelekeza mtoto kwa ulevi anajijua, na mtaa unamjua. Lakini sisi wenye vikao vya kamati ya msikiti mpaka saa tano usiku, wenye darsa kila wikiendi, wenye biashara tunayosema ni kwa ajili ya watoto, ni nani atakayetuambia kuwa Yusuf amebaki kwenye vyombo? Kila udhuru wetu ni wa halali, na mwingi wake una thawabu. Mtoto mwenyewe hawezi kuulalamikia, kwa kuwa atalalamikiaje msikiti? Atalalamikiaje baba kukimbia naye? Sisemi vikao viachwe, wala sisemi nisingekimbia. Nasema kwamba mtu anaweza kuwa katika uwanja mmoja na mwanawe, saa moja, njia moja, wote wana namba vifuani, na bado asiwe pamoja naye. Lile neno "pamoja naye" katika aya ya Ibrahim nililipita haraka, macho yangu yakawa kwenye sa'yi.

Palibaki swali ambalo wazee wetu wengi hawalipendi: je, baba humwomba mwanawe msamaha? Nimelelewa katika nyumba ambayo baba akikosea hununua zawadi, au huita kwa sauti laini kuliko kawaida, na wewe unaelewa. Nilikaribia kufanya hivyo. Lakini haki ya mja haiishi kwa kuwa mwenye haki ni mdogo, na ahadi niliyoivunja niliitoa kwa mdomo. Nikaenda chumbani kwake nikamwambia kuwa nilimwahidi nikavunja, na kwamba nilikuwa nyuma ya madarasa nikitambiana na muuza nafaka. Nikamwomba anisamehe, na la mwaka jana pia.

Alikaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kile kilima. Kisha akasema: "Baba, mara ya kwanza nilipogeuka nikaona haupo, nilitaka kusimama. Halafu nikaona, basi, nimepanda nusu tayari." Akaniuliza kama miguu inauma. Nikamwambia inauma.

Tunaendelea kutoka Jumamosi, na safari hii utaratibu ni wake. Tunaanza wote kwenye lango letu. Yeye anaondoka kwa mwendo wake bila kuniangalia, kwa kuwa nimempa ruhusa kwa kauli mbele ya mama yake, anakwenda mpaka kwenye mkuyu mkubwa, anageuza na kurudi. Mimi naenda kwa mwendo wangu mpaka tukutane, na tunapokutana ndipo tunarudi pamoja. Mwanzoni tulikuwa tukikutana karibu na karavati. Jumamosi iliyopita tulikutana mbele kidogo, usawa wa nyumba ya muuza mkaa.